Duka la Nyumbani: Fedha za Mtoto wa Meza ni za Nani?



Mara nyingi kurasa hizi hueleza habari za mbegu, mbolea, kupe na maziwa. Leo tuache shamba kidogo, twende mpaka barabarani, pale penye chumba cha mabati chenye dirisha la nondo. Katika skimu zetu, kuanzia Kiminini mpaka Ndalu, Naitiri na Tongaren, si rahisi kutembea mwendo wa nusu saa bila kukutana na chumba cha namna hiyo. Ndani mna sukari, chumvi, kiberiti, miche ya sabuni, majani ya chai, mafuta ya kupikia na daftari za watoto wa shule. Na mwenye duka hilo ni nani? Ni mkulima kama wewe, au mke wake, au mtoto wao aliyemaliza shule hajapata kazi.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, basi mtanisamehe nikiandika kama mtu mwenye chaki mkononi. Watu hufika mezani kwangu kutafuta fomu na barua, na wakati foleni inapungua tunazungumza. Hapo ndipo nilipotambua jambo hili. Mkulima huja mwaka huu na uso mkunjufu, amefungua duka. Baada ya misimu miwili huja tena, na duka limefungwa. Nikimwuliza kuhusu mbolea ya kupandia, husema hana fedha, maana zile za mbolea ziliingia dukani na hazikutoka tena. Kwa hiyo msiseme habari za duka si habari za ukulima. Duka baya hula shamba.

Hata nyumbani kwetu jambo hili lilitupata. Nilipokuwa darasa la sita mama yangu alikuwa na duka kando ya barabara, upande wa Kamukuywa. Lilidumu miaka mitatu. Hakuna mwizi aliyelivunja, wala halikuungua moto. Tulilila wenyewe. Mimi nilichukua biskuti nikitoka shule, baba alichukua nauli ya kwenda mjini, wajomba walichukua sukari ya matanga, na kila mmoja wetu alidhani amechukua kidogo. Siku mama alipofunga mlango, kilichobaki kilikuwa mizani, tini tupu za mafuta na daftari yenye majina ya watu 41 waliodaiwa. Baadhi yao wamekwisha kufa. Mama hakuwadai katika matanga yao, na mimi simlaumu.

DUKA LILITOKA WAPI

Tusome historia kidogo, si kwa kujifurahisha tu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ya kwenda Uganda ikapita Bungoma. Wafanyabiashara wa Kihindi walifuata reli, wakajenga maduka yenye chumba cha biashara mbele na nyumba ya kulala nyuma. Aliyewatangulia kwa umaarufu ni Allidina Visram, mtu wa Kachi katika Bara Hindi, aliyefika Zanzibar mwaka 1863 akiwa kijana. Maduka yake yalitoka pwani ya Bagamoyo yakaenea mpaka Uganda na kando ya reli. Alikufa mwaka 1916, na biashara ile kubwa haikudumu miaka mingi baada yake.

Baba zetu waliokuja katika skimu baada ya mpango wa kugawa mashamba ya Wazungu kuanza mwaka 1962 walikuta biashara karibu yote ya mjini iko mikononi mwa wageni. Mwaka 1967 ilipitishwa Sheria ya Leseni za Biashara, ambayo iliwazuia wasio raia kufanya biashara mahali pengi na katika bidhaa nyingi. Maduka mengi ya Kitale, Bungoma na Kimilili yalibadili wenyewe katika miaka iliyofuata. Wengine walifaulu, na wengi walianguka upesi. Wazee husema walioanguka walikosa mtaji. Mimi sikatai, lakini naongeza kwamba walipokea ufunguo wa duka bila kupokea desturi ya daftari. Mhindi wa duka aliandika kila jioni, hata kama mauzo ya siku nzima yalikuwa kiberiti na chumvi. Watu walimwona akiandika wakadhani anaandika madeni yao tu, kumbe anaandika na yake.

Wala ukubwa hauliponyi duka. Nakumatt ilianzia Nakuru, duka la familia la kuuza magodoro, ikakua mpaka ikawa na matawi Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zake zilianza kubaki tupu kwa sababu haikuweza kuwalipa waliokuwa wakiiletea bidhaa, na mwaka 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe. Rafu tupu ni rafu tupu, ya Nairobi au ya Sikhendu.

FEDHA ZA MAUZO SI FAIDA

Sasa tufanye hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za kwako.

Tuseme umenunua gunia la sukari la kilo 50 kwa shilingi 6,500, pamoja na nauli. Kila kilo imekugharimu shilingi 130. Unauza kilo kwa shilingi 145. Gunia likiisha utakuwa umepokea shilingi 7,250. Mtu anayefungua mtoto wa meza na kuona fedha hizo hujiona tajiri. Lakini katika hizo, shilingi 6,500 si zake. Ni za gunia lijalo. Zilizo zake ni 750, na hata hizo hazijatoa bei ya mifuko ya karatasi, kibali cha kaunti na kodi ya chumba kama chumba si chake.

Tena, ukipima robo robo, sukari kidogo humwagika, na mkono wa mpimaji huwa mwema kwa mteja. Gunia likitoa kilo 49 badala ya 50, faida imeshuka kutoka 750 mpaka 605. Kilo moja tu imekula karibu sehemu ya tano ya faida. Sisemi umpunje mteja. Nasema mizani iwe sawa, na anayepima asizungumze na mtu huku akimimina.

Basi angalia nyumba yako. Familia ya watu sita inayokunywa chai asubuhi na jioni yaweza kumaliza kilo 2 za sukari kwa juma. Kwa mwezi ni kilo 8. Ukizichukua rafuni bila kulipa, umechukua mali ya shilingi 1,040. Kama duka lako huuza gunia moja kwa mwezi, chai ya nyumbani imekula faida yote ya gunia na shilingi 290 za mtaji juu yake. Hapo hatujagusa sabuni, wala mafuta, wala biskuti za mtoto wa darasa la sita.

Wengine huniambia, "Mwalimu, sasa mwenye duka anywe chai ya chumvi?" Hapana. Anywe chai yake tamu, lakini ainunue. Fedha za maziwa zikija, nyumba itoe fungu lake iweke mtoto wa meza kama mteja mwingine yeyote. Na kama hilo ni gumu, fungueni ukurasa katika daftari wenye jina NYUMBANI, mwandike kila kilichochukuliwa, na mwisho wa mwezi kikatwe katika mshahara wa anayeuza duka.

Mshahara? Ndiyo. Hapa wengi hushtuka. Mama anayekaa dukani tangu alfajiri mpaka saa tatu za usiku anafanya kazi, na kazi hiyo ina bei yake. Mkimpangia mshahara, hata uwe mdogo, mtajua kama duka linaweza kumlipa mtu au linamtumikisha bure. Tena mtamaliza ugomvi mmoja mkubwa wa nyumbani, maana mama akitaka kitambaa atakinunua kwa mshahara wake bila kuulizwa kama fedha zilitoka mtoto wa meza.

Na baba pia nina neno naye. Wapo waume ambao siku ya Jumamosi hufika dukani, hufungua mtoto wa meza, huchukua noti mbili na kuondoka bila kusema. Jioni mama akihesabu fedha hazitimii, na hawezi kuuliza. Mke wa mtu mmoja alinieleza kwamba alianza kuficha fedha ndani ya debe la chumvi ili duka lisife. Nyumba yenye duka na siri ya namna hiyo ina maduka mawili, na moja halina daftari. Ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Mwingine akihitaji fedha, aombe, na iandikwe, hata kama yeye ndiye aliyejenga chumba.

DENI NA MAJIRA YA MVUA

Deni ndilo somo gumu, kwa sababu mwenye kuomba si mgeni. Ni jirani wa shamba la pili, ni shemeji, ni mtu aliyekusaidia kubeba mgonjwa usiku.

Kwanza jua bei ya deni. Kilo moja ya sukari isiyolipwa imekupotezea shilingi 130. Kwa faida ya shilingi 15 kwa kilo, itakubidi uuze kilo 9 kwa fedha taslimu ndipo urudi pale ulipokuwa. Uwauzie watu tisa kwa sababu ya mmoja! Watoto wa shule wafanye hesabu hii nyumbani, kisha waibandike ukutani mwa duka. Itasaidia kuliko lile tangazo la "mkopo kesho" ambalo kila mtu hulicheka.

Pili, jua fedha za mteja hutoka wapi na lini, maana si wateja wote wana majira mamoja. Mwendesha boda boda hupata kila siku, basi hana sababu ya deni la mwezi. Kibarua hulipwa kwa juma. Mwalimu na mwenye ng'ombe wa maziwa hupata mwisho wa mwezi, na deni lao laweza kungoja siku hiyo lakini lisivuke. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia ni habari nyingine. Hupanda mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na huvuna Oktoba mpaka Desemba. Anayekopa sukari mwezi wa Mei akisema atalipa mahindi yakiuzwa, anakuomba ungoje miezi sita au zaidi. Mkulima wa miwa upande wa Bungoma hungoja muda mrefu zaidi, kwa kuwa muwa uliopandwa sasa waweza kukaa mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa, na baada ya kukatwa malipo nayo yana safari yake. Wewe mwenye duka huwezi kumngoja mkulima namna hiyo, kwa sababu muuzaji wa jumla wa mjini hakungoji wewe. Tena wewe mwenyewe ni mkulima. Mwezi wa Mei fedha zako nawe ziko ardhini.

Ndiyo maana nasema duka la skimu huuawa kati ya Aprili na Septemba. Ni miezi ya ada ya shule, palizi, mbolea ya kukuzia, na njaa. Mauzo ya taslimu hupungua, maombi ya deni huongezeka. Ukimaliza mtaji katika miezi hiyo, mavuno yatakapokuja na watu wakiwa na fedha mfukoni, watakuta rafu zako tupu. Watakwenda kununua kwa mwingine, na wanaodaiwa nawe watapita upande wa pili wa barabara kwa haya. Umepoteza mali, umepoteza na mteja.

Kwa wale wa Bungoma iko na miaka ya tohara. Kama mjuavyo, Wabukusu hutahiri vijana mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, kama 2022 na 2024. Mwezi huo sukari, mchele, majani ya chai na mafuta hutoka dukani kama maji. Mwenye duka huona pilikapilika akafurahi, akaenda kununua bidhaa nyingi kwa mali kauli, yaani kuuza kwanza na kulipa baadaye. Lakini Agosti mahindi bado yamesimama shambani. Basi nusu ya bidhaa hizo hutoka kwa deni, na deni la sherehe ndilo deni baya kuliko yote, maana kilicholiwa na wageni mia hakuna anayekumbuka utamu wake mwezi wa Novemba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mwaka wa tohara, mwenye sherehe aanze kuweka akiba dukani kwako tangu Januari, kila mwisho wa mwezi kidogo, ukimwandikia katika kadi yake na kutia sahihi. Agosti ikifika atachukua bidhaa alizokwisha kulipia. Fedha hizo za akiba usizitumie kwa jambo lingine, ni amana. Nimeona jambo hili likifanywa vizuri na mama mmoja aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama, na alimaliza mwezi wa Agosti bila deni hata la kibiriti.

Je, umkatalie kila mtu? Ukimkatalia kila mtu kijijini utabaki na duka bila majirani, na siku yako ya shida itafika. Mimi nashauri hivi. Kabla ya majira ya kupanda kuanza, kaeni nyumbani mkate kiasi cha deni ambacho duka laweza kubeba. Tuseme mtaji wenu wote ni shilingi 40,000. Amueni kwamba madeni yote pamoja hayatapita 4,000. Kiasi hicho kikifika, daftari ya deni inafungwa mpaka mtu alipe. Na kila mteja awe na kikomo chake. Akilipa la kwanza, anaweza kupata la pili. Anayechukua aandikwe mbele ya macho yake: tarehe, kitu, bei, siku ya kulipa, na yeye mwenyewe atie sahihi au kidole.

Maneno ya kukataa nayo yana namna yake. Shemeji akija akasema, "Shemeji, nipe kilo mbili tu, mahindi yakitoka nakulipa," usimjibu "Sina," na yeye anaiona sukari nyuma yako. Uongo huo utakurudia. Mwambie, "Shemeji, daftari imejaa mwezi huu, na hii sukari si yangu, ni ya muuzaji wa Kitale. Chukua robo kwa ulizonazo." Kama ni shida ya kweli, kama mgonjwa au msiba, basi toa zawadi kutoka mfukoni mwako, uiandike kuwa zawadi, usiite deni. Robo ya sukari uliyompa mtu kwa moyo mwema haitakusumbua. Kilo mbili ulizomwandikia huku ukijua hatalipa zitawasumbua wote wawili.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Hapa nitakwenda upesi, maana mengi mnayajua kuliko karani.

Nunua kidogo mara nyingi kuliko nyingi mara moja, ila vile vitu visivyooza na vinavyotoka kila siku. Nauli ya kwenda Kitale au Bungoma ni sehemu ya bei. Maduka matatu ya jirani yakinunua pamoja na kukodi gari moja, kila mmoja huokoa. Kitu kilichokaa rafuni miezi mitatu bila kuguswa ni fedha zilizolala. Kishushe bei kitoke.

Unga, mchele na maharagwe viwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, visinyonye unyevu. Mahindi au unga wenye ukungu usiuze wala usiwape ng'ombe, maana sumu ya ukungu huua watu, na haiondoki kwa kupikwa. Mafuta ya taa na sabuni viwe kona yao mbali na mkate. Na dawa za shambani, tafadhali, zisiingie kabisa katika duka la vyakula. Kuuza dawa za wadudu na za magugu kwahitaji kibali maalum, na ofisi yetu imekwisha kuona chupa ya dawa ikisimama kando ya chupa ya mafuta ya kupikia. Mwenye duka alisema anajua ipi ni ipi. Mtoto wake wa miaka saba je?

Mizani ya biashara yapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo kila mwaka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, basi sukari ya kupima itiwe katika karatasi. Najua karatasi zina gharama. Zitie katika hesabu ya bei, usizisahau.

FEDHA ZA SIMU

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtoto wa meza amepata ndugu asiyeonekana. Ni msaada mkubwa, kwa kuwa fedha za simu haziliwi na panya na ni vigumu kwa mkono wa Jumamosi kuzifikia. Lakini kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kupokea malipo ya duka katika simu yako mwenyewe, ile ile unayotumiwa fedha na mtoto aliye Nairobi. Baada ya juma moja hujui tena zipi ni za sukari na zipi ni za ada. Duka liwe na namba yake peke yake. Ya pili ni ujumbe wa uongo. Mteja anakuonyesha simu yake, au simu yako inalia na ujumbe unaofanana na wa kweli, ana haraka, pikipiki inanguruma nje. Usitazame ujumbe, tazama salio lako mwenyewe. Kama salio halikuongezeka, bidhaa ibaki mezani. Mwaminifu hatakasirika kungoja dakika moja.

CHETI CHA SHAMBA

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Duka likianza kudhoofika, mtu hufikiri linahitaji mtaji zaidi. Atasikia habari za mkopo, ataulizwa dhamana, na mawazo yake yatakwenda kwenye cheti cha shamba kilichofungwa katika sanduku chini ya kitanda. Baba zetu wa skimu walipewa mkopo wa ardhi wa kulipwa kwa miaka 30. Wako waliokufa kabla ya kuumaliza, na watoto wakaumalizia ndipo cheti kikapatikana. Kukiweka rehani kwa ajili ya magunia ya sukari ni kuhatarisha kazi ya vizazi viwili kwa mali inayoyeyuka katika kikombe.

Duka linalokufa kwa kuliwa halitapona kwa kuongezwa chakula. Ukileta shilingi 100,000 katika duka lisilo na daftari, zitaliwa kama zilivyoliwa zile 40,000, ila kelele za mnada zitakuwa kubwa zaidi. Kwanza andika miezi mitatu. Ukiona daftari inaonyesha faida na kinachokosekana ni bidhaa tu, basi kopa kidogo katika chama chenu cha akiba na mikopo, kiasi ambacho faida ya duka yaweza kulipa bila kugusa mahindi. Na kama wataka hata hivyo kuweka shamba, jueni kwamba rehani ya shamba la ukulima huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka mume au mke akubali kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Mama, ukiletewa karatasi utie sahihi, omba kwanza uonyeshwe daftari ya duka. Kama hakuna daftari, rudisha kalamu.

ZOEZI LA NYUMBANI

Nunueni daftari moja ya mistari. Kila jioni andikeni fedha mlizoanza nazo asubuhi, mauzo ya taslimu, madeni yaliyolipwa, fedha zilizotoka na zimetoka kwa nini, kisha hesabuni zilizomo. Jaribuni kwa siku hii ya mfano.

Asubuhi mtoto wa meza alikuwa na shilingi 2,000. Mauzo ya taslimu ya siku yalikuwa 4,350. Mteja mmoja alilipa deni la 300. Mkate uliletwa ukalipiwa 600. Bidhaa za shilingi 420 zilitoka kwa deni. Jioni, fedha zilizohesabiwa zilikuwa 5,700.

1. Zilipaswa kuwa ngapi? (Angalieni kama lile deni la 420 linaingia katika hesabu hii au haliingii.)

2. Zimepungua ngapi?

3. Kama duka hupata faida ya shilingi 10 katika kila 100 za mauzo, ni lazima liuze bidhaa za shilingi ngapi kurudisha zilizopungua?

Majibu: 6,050, 350, 3,500. Deni haliingii, kwa kuwa hakuna fedha iliyopita mkononi. Lina ukurasa wake. Aliyepata 6,470 ameliongeza kama taslimu, na arudie tena.

Wenye maduka wanaotaka kuonyeshwa jinsi ya kupiga mistari ya daftari hii waje ofisini na daftari zao, tutaipiga pamoja. Watakaokuja mume na mke pamoja watahudumiwa kwanza.